Kapu la Mtoto Aliyeogopa Mlango

Kadi ya thelathini na moja ilikuja bila jina, na hilo halikunishangaza, maana kadi zetu zote hazina majina. Kilichonishangaza ni umri. Mahali pa kuandika umri wa mtoto palikuwa pameandikwa, kwa herufi za kukandamiza kalamu: "Mkubwa kidogo."

"Mkubwa kidogo ndiyo miaka mingapi?" Mama aliuliza.

"Nitajuaje, Mama? Labda mitano. Labda kumi."

"Mzazi asiyejua umri wa mwanawe anajua nini sasa?"

Tulikuwa chumba cha mbele, mimi nimekaa kwenye cherehani, yeye chini, miguu ameinyoosha, anasuka. Mama hasuki kwa majani. Anasuka kwa mikanda ya plastiki, ile ya njano na ya kijani inayofungia maboksi makubwa ya madukani, ambayo wengine wakishaikata huitupa jalalani. Mikononi mwake ile takataka inageuka kapu lenye mshikio na kifuniko, na mtu akiliona hutaka kuuliza limetoka duka gani.

Kila mwisho wa mwaka shule zikifungwa na sikukuu zikikaribia, tunafanya kazi hiyo. Mama anasuka, mimi najaza. Kila kapu lina vitu vitano, na viwili tu ndivyo vya kununua. Vilivyobaki nashona kwa vipande vya nguo za wateja, au natengeneza kwa kopo, kizibo, boksi la viatu, chochote ambacho hakijakata roho kabisa. Wazazi wa mtaani kwetu ni wale ambao midoli ya madirishani mwa maduka huitazama tu wakapita. Lakini hawaji kwetu kwa sababu ya urahisi wa bei peke yake. Wanakuja kwa sababu ya kadi.

Kadi ina maswali matano kuhusu mtoto. Mzazi anayajibu, anachana kipande cha chini chenye namba na kubaki nacho, halafu kadi anaitumbukiza pamoja na pesa kwenye kopo lililopo mlangoni. Majina tuliyakataa tangu mwanzo. Kwanza watoto wa mtaa huu ni wapekuzi, wangejua zawadi zao kabla ya siku. Pili, aliyeleta kidogo hapendi nijue kwamba ni yeye. Mwaka juzi mzazi mmoja alijibu maswali yote matano kwa neno moja, "sijui." Nilibandika kadi yake mlangoni pamoja na karatasi: "Namba kumi na mbili, rudi nyumbani ukamtazame mtoto." Baada ya siku mbili kadi ilirudi imejaa mpaka nyuma.

"Haya, soma," Mama alisema. Hapa ndipo penye starehe yake. Redio haisikilizi kama anavyosikiliza kadi.

"Swali la kwanza. Akiamka asubuhi huuliza nini? Anauliza, nimependeza?"

Mama alicheka. "Wa kike huyo."

"La pili. Anaficha nini, na wapi? Karatasi, chini ya godoro. Akiisoma anakuwa mkimya siku nzima."

"Karatasi ya nini?"

"Matokeo ya mtihani, Mama. Amefeli, anaogopa kuonyesha."

"Maskini. Endelea."

"La tatu. Kitu gani hawezi kukipita? Nguo zilizoanikwa. Anasimama anaangalia mishono."

Hapo nilijivuna kidogo, siwezi kuficha. Nikamwambia Mama kwamba huyu mtoto ni fundi wa kesho, tumwekee sindano butu na kitambaa cha kujifunzia. Mama akaniambia nisome, nisijipambe.

"La nne. Akiwa peke yake anacheza nini? Anasimama mbele ya kioo anasema shikamoo mama, shikamoo mama. Anabadilisha sauti. Mara nyingine anajaribu huku ameinamisha kichwa."

Mkono wa Mama ulisimama katikati ya msuko. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Mtoto gani anafanya mazoezi ya salamu?"

"Sijui, Mama. La tano ni hili. Anaogopa nini ambacho hasemi? Mlango wa nyumba moja. Anapiga hodi, anasalimia, haitikiwi. Akirudi anasema hajali. Anajali."

Mimi nililitazama tena lile neno la mwisho, jinsi lilivyoandikwa peke yake na nukta yake. Mama yeye alipandwa na hasira. Alilitupa kapu pembeni.

"Mtu mzima gani huyo? Mtoto wa watu anakuja mpaka mlangoni, anakupa shikamoo yako kwa adabu zote, wewe unafunga mdomo? Kwani marahaba inauzwa? Mpaka mtoto anakwenda kujifunza kwenye kioo, anadhani kosa ni la sauti yake!"

"Pole pole, Mama, presha."

"Presha atakuwa nayo yeye nikimjua. Nikimjua huyo mwenye mlango, namwendea mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii."

Ndani ya kadi kulikuwa na sarafu zilizofungwa kwenye ukurasa wa daftari. Hazikufika nusu ya bei. Pembeni pameandikwa, "Kama haitoshi nitaongeza." Mama akasema zinatosha na zimezidi, na akaanza upya, kapu dogo la njano tupu, msuko wa kubana, ule anaousuka mara moja kwa mwaka akipenda.

*

Kesho yake saa kumi jioni alikuja Bwana Stoo.

Huyu ndiye aliyenifanya nisilale vizuri mwaka huo mzima, kwa hiyo nimweleze. Mtaa unamwita Bwana Stoo kwa kuwa anatunza stoo ya kampuni moja ya kusambaza bidhaa. Ni mrefu, mpole wa sauti, ana mabega ya mtu aliyebeba mizigo kabla ya kupandishwa cheo, wakaibeba wengine. Mke wake walishaachana miaka mitano nyuma, akaolewa kwingine, akamwachia binti. Mikanda ya plastiki anayosukia Mama inatoka kwake. Huikusanya sakafuni kwa mkono wake, huinyoosha, huipanga kwa rangi, na kila wiki hutuletea bila kudai hata asante. Ndivyo tulivyojuana. Mara tatu za mwanzo alileta mikanda. Ya nne alileta mikanda na macho.

Mama aliipenda mikanda. Mwenye mikanda alimkataa.

"Hodi hapa," alisema nje. "Shikamoo, mama."

Mama alikuwa karibu na dirisha. Hakuinua kichwa. "Mikanda iwekwe hapo kwenye ngazi," alisema, kama anayezungumza na mikanda yenyewe.

Nilimtazama Mama, nikamtania kwa uchungu, "Jana ulikuwa unapigana na mtu asiyeitikia shikamoo."

"Yule ni mtoto. Huyu ni mtu mzima, anajua sababu."

Jibu lote nilikuwa nalo mkononi saa ile, nikalitumia kumchokoza mama yangu tu, kisha nikatoka nje. Hivyo ndivyo nilivyo mwerevu.

Alikuwa amesimama nje ya geti, mkono mmoja kwenye nguzo. Shati lake la kazini lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Macho yetu yalipokutana aliyateremsha kwanza yeye, kama kawaida yake, halafu akayapandisha polepole, na mimi nikasikia lile joto shingoni ambalo mwanamke wa miaka thelathini na minne nilidhani limeshanisahau.

"Mara ya sita," alisema.

"Umehesabu?"

"Sikuhesabu. Zinajihesabu zenyewe."

"Usimchukie."

"Nimchukie vipi? Nataka aniite mwanangu." Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. "Fundi, nina jambo nimekuficha wiki mbili. Wanafungua stoo mpya, mji mwingine. Wananitaka mimi nikaisimamie. Wanataka jibu Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilishika geti.

"Na wewe unataka kwenda?"

"Mimi nataka kubaki. Lakini nibaki kama nani? Kama mleta mikanda? Karani anakua. Kila Jumapili akikuona ukiondoka ananiuliza kwa nini unakwenda kwenu. Sina jibu la kumpa."

Karani ni binti yake, miaka minane. Tulimpa jina hilo kwa sababu anaandika kila kitu: namba za magari, nani kapita, mvua imenyesha saa ngapi. Kapu lake nilikuwa nimeshalijaza siku nyingi. Baba yake alileta kadi namba thelathini akanikonyeza, na hata asingenikonyeza ningeijua. Mtoto gani mwingine anayelala na daftari chini ya shavu?

"Ningoje," nilisema. "Nizungumze naye tena."

"Umezungumza mara ngapi?"

"Kwa hiyo unataka nifanye nini? Nibebe sanduku nitoke dirishani?"

"Hapana!" Aliniangalia kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Sitaki kukuiba. Mwanamke wa kuibwa si wewe. Nataka kuingia kwa mlango, na mwenye nyumba anifungulie kwa mkono wake. Kama hataki, niambie Jumatatu kabla sijaandika jibu, nijue naondoka na nini."

"Basi nenda!" nilimwambia. "Kama ni rahisi hivyo, nenda!"

Aliinama akaokota mkanda mmoja uliokuwa umedondoka, akaukunja, akaniwekea mkononi, akaondoka. Nililia pale getini mchana kweupe, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akajifanya haoni.

Usimwone Mama katili. Kabla sijazaliwa mimi aliolewa na baba yangu, mwanamume mwenye watoto wawili, akawalea miaka kumi na mmoja. Aliwaogesha, akawauguza, akawasomesha kwa vikapu hivihivi. Siku ya arobaini ya kifo cha baba yangu walikuja na gari, wakabeba godoro na kabati, wakaondoka bila kumuaga. Hawakuwahi kumwita mama hata siku moja. Nilipomwambia habari za Bwana Stoo, alisema neno moja tu: "Mimi nilishakulipia hilo. Usilipe tena." Na mimi sina mtu mwingine, yeye hana mwingine. Ndoa ambayo Mama hakukaa kwenye kiti cha mbele siitaki, hata kama bwana harusi ni yule.

*

Ijumaa tulimaliza makapu yote isipokuwa lile la njano. Mama aliniuliza maswali ambayo sikuwa na nguvu za kuyajibu.

"Huyu mtoto wa kadi, wadhani anakaa mtaa huu?"

"Kadi hatutoi nje ya mtaa."

"Basi na mwenye mlango yuko mtaa huuhuu." Alifikiri. "Siyo yule mama wa nyumba ya kona? Ana roho ngumu yule."

"Mama."

"Au muuza mkaa. Hapana, muuza mkaa anaitikia mpaka paka."

Alitafuta kweli. Asubuhi ile kila mtoto aliyepita dirishani alimwita, akamtaka amsalimie, akamsikiliza sauti, akamwangalia kama ana mazoea ya kujitazama kwenye kioo. Mmoja alimpa shikamoo saba, akidhani kuna zawadi kwa kila moja.

Vitu vinne tulishaweka: kioo cha mfukoni, sindano butu na kitambaa, bahasha ya nguo yenye kifungo kwa ajili ya ile karatasi, na pakiti ya biskuti. Kikabaki cha tano. Mama ndiye aliyekipata.

"Mshonee bibi."

"Bibi gani?"

"Mwanasesere wa kuvaa mkononi. Bibi mwenye mdomo unaofunguka. Mtoto akisema shikamoo, bibi aitikie. Akishazoea kuitikiwa hataogopa mlango wa mtu."

Nilishona. Uso nilitoa kwenye kipande cha suti ya kahawia, nywele kwenye sufi nyeupe. Kitambaa cha kichwani Mama alikikata mwenyewe kutoka kwenye mtandio wake wa zamani wenye maua madogo, nikamwambia bado ni mzima, akasema bibi wa huyu mtoto hawezi kuvaa kitambaa cha ovyo. Nilipomaliza Mama alimvaa yule bibi mkononi, akamfungua mdomo, akamjaribu: "Marahaba, mwanangu. Marahaba, karibu ndani." Alikuwa anacheka. Nikamwonea wivu yule mtoto nisiyemjua.

*

Jumamosi ni siku ya kuchukua. Wazazi walikuja na vipande vyao, nikawa natazama namba na kutoa kapu. Nilikuwa natabasamu kwa midomo tu. Saa nane mchana makapu yalikuwa yamebaki mawili, la thelathini na lile la njano. Mama alikuwa ameketi na mgongo kwenye ubao wa mlango tangu asubuhi, mtoto wa kadi asije akampita.

Akatokea Karani, peke yake, daftari kwapani.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," Mama alisema. Mtoto huyu Mama alimwitikia siku zote. Ugomvi wake ulikuwa na baba.

Karani alinipa vipande viwili. Nilitazama cha kwanza, thelathini. Nilitazama cha pili, thelathini na moja, namba ya kapu la njano.

"Hiki umekiokota wapi?"

"Sikuokota, ni changu. Baba alipochukua kadi kwenu zilikuwa mbili zimegandana. Moja akajaza yeye. Moja nikajaza mimi."

Mama aligeuka upesi. "Wewe ndiye mtoto wa kadi? Hebu njoo. Nani anakutisha, mjukuu wangu?"

"Siyo mimi. Ni kapu la baba."

"Baba wa nani?"

"Baba yangu."

"Lakini kadi ni za watoto," nilisema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia ikitoka mbali.

"Bibi mzaa baba anasema baba ni mtoto wake mpaka leo. Kwa hiyo nikaandika mkubwa kidogo. Pesa niliuza kalamu zangu za rangi. Nyeusi nimebaki nayo."

Kadi yote ilinirudia kichwani. Kila asubuhi anauliza kama amependeza, kwa sababu huenda ndiyo siku ya kupita kwetu. Karatasi ya chini ya godoro ni barua ya stoo mpya. Na mishono! Mimi ndiye niliyemwambia, siku moja tukitembea, kwamba ukitaka kumjua fundi tazama mshono wa ndani, siyo wa nje. Anasimama kwenye kamba za nguo za watu akitafuta mkono wangu. Mimi ninayejisifu kwamba namjua mtoto kwa majibu matano, nilimsoma mwanamume ninayempenda mstari kwa mstari nikasema amefeli mtihani. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nilimpenda mara mbili.

Mama alikuwa bado hajafika. Aliuliza kwa ile hasira yake ya Jumatano, "Na huyo mwenye mlango ni nani? Sema."

Karani alinitazama mimi kwanza. "Nikisema nitagombezwa?"

"Na nani? Sema, usiogope."

"Ni huu." Alinyoosha kidole kwenye ubao ambao Mama aliuegemea.

Mama aliutazama mlango, chini mpaka juu, kisha akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umeushika. Mimi sikuthubutu kusogea. Karani, ambaye kimya hakimtishi, alikuwa ameshafunua kapu la njano na kutoa vitu kimoja kimoja akiviandika. Alipofika kwa mwanasesere alitia mkono ndani, akaufungua mdomo wake, akamtazama kwa makini.

"Bibi, mbona amefanana na wewe?" Halafu akatoa sauti nzito ya kizee: "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Machozi ya Mama yalitoka bila kumwomba ruhusa. Nimemwona akilia mara mbili maishani, na hiyo ndiyo ya pili.

"Amefanya mazoezi," alisema. "Kwenye kioo. Mtu mzima yule." Kisha, "Baba yako yuko nyumbani?"

"Yuko. Anafunga maboksi."

"Maboksi ya nini?" niliuliza.

"Ya kuhama. Ameanza na vyombo tusivyotumia."

Nilikaa kwenye kiti, nikamweleza Mama habari za stoo mpya na ile barua inayongoja jibu. Mama akasimama.

"Nipe mtandio wangu. Nilisema nikimjua mwenye mlango namwendea. Sasa nimwendee nani? Nyanyuka, wewe, usikae kama mzigo."

*

Mama alitangulia na kapu la njano. Mimi na Karani tulifuata, mtoto ameshika kidole changu, kapu lake kichwani. Ni vichochoro viwili tu. Watu walitusalimia, na Mama aliitikia kila mmoja kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida.

Nyumba ya Bwana Stoo ina mlango wa bluu uliopakwa rangi na mtu asiye mpaka rangi. Mama alifika, akainua mkono kugonga, akaushusha. Akarekebisha mtandio. Akauinua tena, akaushusha tena.

"Gonga wewe," aliniambia.

"Hapana, Mama."

"Nikisema nini?"

"Sema hodi."

Aligonga. "Hodi."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa na roli ya utepe wa kufungia maboksi, ameivaa kwenye mkono kama bangili, na vumbi kwenye nyusi. Alimwona Mama, akaniona mimi nyuma, akamwona tena Mama. Mazoezi yote yale ya kwenye kioo yalimtoka kichwani.

"Baba," Karani alinong'ona. "Shikamoo."

"Shikamoo, mama," alisema, na sauti ikakatika katikati.

"Marahaba, mwanangu." Mama alivuta pumzi. "Na ile ya Alhamisi, marahaba. Na ile ya wiki iliyopita ulipokuja umelowa mvua, marahaba. Na ile ya siku ulipoleta mikanda myekundu, marahaba. Zilizobaki nimezisahau siku zake, lakini zote, marahaba."

Alijifunika uso kwa kiganja. Mabega yale mapana yalitikisika. Nilitaka kumwendea, nikabaki pale nilipokuwa, kwa sababu zamu ile haikuwa yangu.

Mama aliingia bila kukaribishwa, akayatazama maboksi yaliyopangwa ukutani, kila moja limeandikwa kwa mwandiko wa Karani: masufuria ya wageni, viatu vya zamani, pazia. Akaketi juu ya lile la pazia.

"Karatasi iko wapi? Ile ya chini ya godoro."

Alimtazama binti yake, binti akatazama dari. Alikwenda chumbani akarudi nayo. Mama hakuisoma. Aliishika tu.

"Nisikilize," alisema. "Mimi ninaogopa. Nililea watoto wa mtu na wakaniacha uani kama ndoo iliyotoboka. Sijui kama huyu wako atakuja kumwita binti yangu mama. Hujui wewe pia. Usiniahidi."

"Siahidi, mama."

"Naweza kuendelea kumwita Fundi?" Karani aliuliza, kalamu tayari mkononi.

"Hilo mtaelewana wenyewe," Mama alisema. Alimwangalia mtoto muda mrefu, kisha akamsogezea nafasi juu ya boksi, na mtoto akakaa.

"Jumatatu wanataka jibu," Bwana Stoo alisema polepole. Macho yake yalinijia juu ya kichwa cha Mama, na safari hii hakuyateremsha. "Nitawaandikia nini?"

Mama alimrudishia karatasi yake.

"Waandikie mama mkwe wako amekataa."